Huzuni ya Mzazi

Ilikuwa ada ya watu wa pwani yetu, tangu zama, kwamba mwanamke aliyejifungua akae ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, huku mama yake au somo yake habanduki ubavuni. Na ingawa wengi huihesabu ada hiyo kuwa ya mwili tu, mimi nadhani faida yake kubwa ilikuwa kwamba mzazi hakuachwa peke yake na fikira zake.

Maana huzuni huwashukia wengi, hata kabla ya kujifungua, na mtoto mchanga, ausomaye uso wa mama kabla hajajua neno, hutaabika uso huo usipomjibu.

Katika vijiji vya Rawalpindi, nchini Pakistan, tabibu Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wanawake wahudumu wa afya kuwazuru nyumbani waja wazito wenye sonona, wawasikilize na kuwageuza taratibu fikira za kukata tamaa. Na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalidhihirisha kwamba, watoto walipotimiza miezi sita, kina mama waliobaki na maradhi walikuwa 23 katika kila mia, hali miongoni mwa waliozuriwa na wahudumu wasiopata mafunzo hayo walikuwa 53.

Basi kuzuru pekee hakutoshi. Kwetu mzazi hukandwa mgongo vizuri, lakini akithubutu kusema moyo wake haumwelekei mtoto, aghalabu hunyamazishwa. Mume aionaye hali hiyo ikidumu wiki mbili na amweleze mkunga wa kliniki, bila haya.