Kibanja cha Ghorofani



Kule Muleba samadi ya ng'ombe hulisha migomba na mibuni, na kibanja hudumu vizazi. Sisi tuliopanga ghorofani mjini Bukoba tumebakiwa na varanda tu. Si haba. Toboa kopo chini, tia udongo na samadi iliyooza, panda mchicha. Ila maji yasimdondokee jirani wa chini.

Lakini yule kuku uliyemfunga mguu juani tangu alfajiri, nawe uko kanisani unaimba? Amri ya Sabato, Kutoka 20:10, inamtaja mnyama pamoja na mwana na mtumwa. Mithali 12:10 nayo humpima mwenye haki kwa mnyama wake. Basi kabla kengele ya Jumapili haijalia, mwekee maji na kivuli. Ukikosa wimbo wa kwanza, tutakuelewa.