Bunduki ya Rahisi

Kijana mmoja wa Kibaha, ambaye zamani tulimfundisha, alitujia na swali. Alikuwa amesoma ya kuwa huko Marekani wako watu wanunuao bunduki za vita vya kale, wakazitunza kama vitu vya thamani, na siku za mapumziko wakazitumia kulenga shabaha. Akauliza, "Mwalimu, mtu akiruhusiwa na sheria, na fedha yake ni kidogo, achague ipi?"

Hatukumkemea, maana kupenda kazi ya fundi hodari si dhambi. Bunduki iitwayo Garand, iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1936, hubeba risasi 8. Na SKS, aliyoibuni Mrusi Simonov, ya mwaka 1945, hubeba 10. Zote mbili hujipakia zenyewe: nguvu ya baruti iliyowaka husukuma chuma nyuma, ganda tupu likatoka, na risasi nyingine ikaingia mahali pake. Mwenye bunduki hana kazi ila kuvuta kidole tena. SKS zilitengenezwa kwa mamilioni, ndiyo maana kwa miaka mingi bei yake ilikuwa chini.

Basi jibu letu la kwanza lilikuwa la sokoni. Mnunuzi asitazame bei peke yake. Achungulie ndani ya mtutu, kwani risasi nyingi za zamani huacha chumvi iletayo kutu. Ahesabu gharama ya risasi, ya vipuri, na ya sanduku la chuma lenye kufuli. Na hapa kwetu kuna leseni, ambayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yaidai. Mara nyingi cha rahisi huwa ghali.

Jibu la pili ni zito zaidi. Twende Kisarawe, kwa mzee alindaye mihogo yake na nguruwe mwitu kwa gobore. Akiisha kupiga mara moja, hana budi kumimina baruti upya, kushindilia kwa mdeki, na kuweka fataki. Nguruwe amekwisha kwenda zake! Twaucheka uzee wa silaha ile, lakini katika kukawia kwake mna rehema. Ikiwa kilichotikisika kichakani ni jirani aokotaye kuni, na risasi imemkosa, mzee atasikia sauti yake kabla ya kupiga tena.

Tumkumbuke Petro bustanini. Alipiga kwa upanga, akakata sikio la mtu. Neno la Bwana likamzuia asipige la pili, na sikio likaponywa. Simonov alifanya kazi yake ili kuiondoa nafasi hiyo iliyo kati ya pigo na pigo, kwa kuwa askari akikawia vitani hufa. Hatumlaumu, nchi yake ilikuwa imevamiwa mwaka 1941. Lakini je, lililo sifa vitani ni sifa nyumbani pia, penye watoto, penye ugomvi wa mipaka, na penye pombe?

Mtu atasema, "Moyo ndio uuao, si chuma." Ni kweli, hata jembe limepata kuua. Lakini moyo wa mwanadamu hugeuka kwa saa moja, na chombo chepesi humtii upesi hata katika saa yake mbaya.

Kwa hiyo tulimwambia kijana wetu: ukilinda shamba, chagua silaha itakayokulazimisha kungoja. Na ukipenda historia, isome, ukazitazame bunduki zake katika nyumba ya makumbusho, ambako hazina risasi.

Akacheka, akasema kwamba hata hivyo hana fedha. Nasi tulipokwisha kuagana naye tukajiuliza: je, sisi tusio na bunduki tu salama? Kila mmoja wetu anao ulimi, nao hujipakia wenyewe.