Nia Njema na Bwawa Jipya

Mwezi huu twapenda kutafakari pamoja nanyi swali moja ambalo laonekana dogo, walakini limewasumbua wengi: Je, mtu akitenda jambo kwa nia njema, na jambo lile likaleta kifo, anayo hatia? Jibu hatutalitafuta mbali. Twalitafuta katika bwawa la samaki.

Sisi wa nyumba hii tulikuwa na bwawa dogo la sato katika bonde moja la Kyerwa, wilaya iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Samaki walizidi kuongezeka hata wakabanana, nasi tukawahurumia. Tukachimba bwawa jipya, kubwa mara tatu kuliko lile la kwanza, tukatia chokaa, tukaelekeza humo maji ya chemchemi. Siku ile ile maji yalipojaa tukawahamisha samaki wote, saa sita mchana, jua likiwaka. Na ili wayafurahie makao yao, tukawamwagia pumba kwa wingi, tukatia na samadi mbichi. Usiku ule tulilala tukijiona watu wema.

Siku ya tatu, alfajiri, tuliwakuta juu ya maji, vinywa wazi, wakitweta. Wale wakubwa ndio waliotangulia kufa. Hata juma lilipokwisha, zaidi ya nusu yao walikuwa wamekufa.

Basi, tulifanya nini? Je, tulijiuliza habari ya makosa yetu? Sivyo. Tulimtafuta mwenye hatia. Juu ya bonde lile yupo jirani ambaye tulikuwa na shauri naye la mpaka, naye juma lile alikuwa ameinyunyizia dawa mibuni yake. Tukasema, Ndiye huyu. Neno likatoka nyumbani kwetu likafika kisimani, na kutoka kisimani likafika hata mlangoni pa kanisa. Jumapili ile wako watu ambao hawakumpa mkono.

Ndipo tulipomwita bwana samaki. Kwanza alitazama ukingoni, akatuonyesha vyura na wadudu wa majini, wote wangali hai. Akasema, "Dawa ya wadudu ingaliwaua wadudu kwanza." Akauliza vifo vilitokea saa ngapi, tukajibu, Alfajiri. Akauliza ni samaki gani waliotangulia, tukajibu, Wakubwa. Akasema, "Basi hawa walikosa hewa, tena walikunywa uchafu wao wenyewe."

Akatueleza kwamba samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, nayo ni sumu. Katika bwawa la zamani wamo bakteria wasioonekana kwa macho, wakaao katika tope na juu ya mawe. Hao huigeuza sumu ile hatua kwa hatua, mpaka isiwadhuru samaki sana, nao mwani wa kijani huifanya chakula chake. Mtaalamu Sergei Winogradsky aliithibitisha kazi ya bakteria hao karibu na mwaka 1890. Bwawa jipya halina watumishi hao wa kutosha. Huhitaji majuma kadhaa wapate kuongezeka. Chokaa nayo huzidisha ukali wa amonia. Samadi na pumba zikioza hula hewa iliyomo majini, na usiku mimea ya majini haitoi hewa bali huitumia. Kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya hatari.

Wafugao samaki wa baharini katika matangi ya kioo hupatwa na msiba uo huo. Samaki aliyekaa salama katika tangi dogo hufa akihamishiwa kubwa, ingawa chumvi imepimwa vema, kama gramu 35 katika lita moja. Wenye busara huyahamisha pia mawe ya tangi la zamani, yakiwa mabichi, kwa sababu juu yake ndipo wanapokaa wale watumishi wadogo.

Sisi nasi tuliacha kulisha, tukawarudisha waliosalia katika bwawa la zamani. Kisha tukachukua ndoo za maji ya kijani na makapu ya tope, tukatia katika bwawa jipya, tukangoja. Baadaye tuliwahamisha wachache wachache, asubuhi kungali baridi, tukiyachanganya maji kidogo kidogo katika ndoo kabla ya kuwaachilia. Hao waliishi.

Sasa turudie swali letu. Wako wasemao, Mungu hutazama moyo, kwa hiyo mwenye nia njema hana hatia. Ni kweli kwamba hatukuwa na uovu juu ya samaki wale. Walakini walikufa vile vile kama wangaliuawa na adui. Nia njema huondoa uovu, deni haiondoi. Wala si mabwawa madogo tu. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria ili watu wapate samaki zaidi. Kweli wengi walipata kazi na chakula. Lakini aina nyingi za furu zilitoweka, wala hakuna awezaye kuzirudisha.

Kwa nini hatukuuliza kabla ya kuwahamisha? Twakiri: tuliona wema wa mioyo yetu watosha kuwa elimu. Na wema huo huo ndio uliotupeleka kumshitaki jirani, kwa maana mtu ajionaye mwema hana budi kuutafuta ubaya kwa mwingine. Sisi tulijipima kwa nia yetu. Yeye tulimpima kwa bomba lake la dawa. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, aielezapo amri ya nane, atufundisha kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Fasiri njema tulikuwa nayo, lakini tulijiwekea sisi wenyewe.

Tulikwenda nyumbani kwake jioni tukaomba radhi. Alitukaribisha, akatuletea kahawa ya kutafuna, ya mibuni ile ile, wala hakusema maneno mengi. Jumapili iliyofuata tulisema kweli mbele ya watu mlangoni pa kanisa. Hata hivyo neno lililofika kisimani hatujui limekwenda mpaka wapi.

Basi, ndugu, mtu akitaka kumtendea kiumbe mema, na aulize kwanza ni nini kimwekacho hai pale alipo. Na mema yake yakigeuka kuwa msiba, na aanze kutafuta sababu katika mikono yake mwenyewe, kabla hajapanda juu ya bonde kwa jirani. Bwana atujalie mioyo ya kuuliza.