"Pumzika Kwanza": Ni Huruma au Haki?



Kuna maneno mawili ambayo wengi wetu tunayaona ya upole: "Pumzika kwanza." Chukua mfano wa binti anayeuza duka pale Kasulu mjini. Ana selimundu, na mara kwa mara maumivu yanamshika viungo, analala siku mbili tatu, halafu anarudi kazini. Siku moja bosi anamwambia, "Dada, pumzika kwanza. Ukipona tutaonana." Inasikika kama huruma. Lakini selimundu haiponi kwa kulala nyumbani wiki mbili, na bosi anajua. Hiyo "ukipona" maana yake ni "usirudi".

Je, binti huyu amekosa hisani tu, au amedhulumiwa?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, akiwa na cheti cha daktari: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Piga hesabu: ni kama siku tatu na nusu kila mwezi. Kabla ya kumwachisha mgonjwa, mwajiri anatakiwa aangalie ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa. Aliyeachishwa bila haki anapeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Basi, alichonyimwa binti yule ni chake.

Ila sheria ina mpaka. Mwenye chini ya miezi sita kazini hana likizo hiyo ya malipo. Na hapa kwetu Muyama, anayepalilia mahindi ya mtu au kuchuma kahawa kwa kibarua cha siku, nani atamwandikia cheti ampelekee nani? Je, pale sheria inapoishia, na haki inaishia hapo hapo?

Mimi nasema hapana. Mwanafalsafa Immanuel Kant alitofautisha bei na hadhi. Chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine cha thamani ileile: jembe likivunjika, unanunua jingine. Mtu ana hadhi, hana mbadala. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Sasa, kama thamani ya binti yule haikutokana na idadi ya siku alizosimama dukani, haiwezi kupungua siku aliyolala.

Utaniuliza: "Frateri, na mwenye duka dogo je? Ana wafanyakazi wawili tu, atakula nini?" Swali la haki kabisa. Haki haimdai mtu asichoweza. Inamdai aanze na "tufanyeje?" kabla ya "pumzika". Labda ni kiti cha kukalia. Labda kubadilishana zamu, au asubuhi moja ya kliniki. Na ikishindikana kweli, waamue pamoja, na alipwe stahili zake.

Tazama mapapa wawili. Yohane Paulo II aliugua Parkinson miaka mingi, akabaki kazini hadi kifo chake mwaka 2005. Benedikto XVI aliona nguvu zimepungua, akang'atuka mwaka 2013. Maamuzi tofauti, ila kila mmoja aliamua kwa dhamiri yake. Binti wa duka hakuulizwa hata swali moja.

Kanisa lina Siku ya Wagonjwa Duniani, Februari 11, na sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Mei 1. Mgonjwa anayefanya kazi anastahili siku zote mbili. Tusimwombee Februari halafu tumfukuze Mei. Na hili ni letu: parokia zetu zina wapishi na walinzi, na wengi wenu kesho mtafungua saluni au mtamiliki bodaboda.

Tafakari wiki hii: nani amepotea kazini kwenu kwa sababu aliugua, na nani alimfuata kumuuliza anaendeleaje?

Ee Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.