Msaada wa Wote, ama Msaada wa Mnyonge?



Bei ya vitu inapopanda, sote tunauliza: serikali itatusaidia namna gani? Leo tutafakari swali lililo ndani ya hilo. Fedha zikiwa kidogo, je, ni haki kila mtu asaidiwe sawasawa, ama asaidiwe kwanza aliye chini kabisa?

Tuwatazame majirani zetu wa Kenya. Julai 2022 serikali yao ilishusha bei ya unga wa mahindi, pakiti ya kilo 2, kutoka shilingi 205 hadi 100. Njia hiyo ina uzuri wake: hakuna orodha, wala hakuna mtu anayeaibishwa kwa umaskini wake. Lakini punguzo la bei humfuata mwenye fedha. Anayenunua pakiti kumi amesaidiwa mara kumi. Asiye na hiyo shilingi 100 hakusaidiwa hata kidogo. Septemba mwaka huohuo Rais William Ruto aliacha ruzuku ya unga, akashusha bei ya mbolea, mfuko wa kilo 50, kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Hiyo nayo ni njia njema, ila humfikia kwanza mwenye shamba.

Hapa Uganda, mwaka huo sabuni, petroli na mafuta ya kupikia vilipanda sana. Rais Museveni aliwashauri watu wale muhogo kama mkate umekosekana. Sisi tunaolima muhogo hatulidharau neno hilo, maana muhogo hushibisha. Lakini muhogo haufui nguo, wala haulipi karo ya mtoto.

Njia ya tatu ni orodha. Mwaka 2021, wakati wa korona, serikali ya Uganda ilituma shilingi 100,000 kwa simu kwa familia maskini za mijini. Sisi wakimbizi tunaijua njia hiyo vizuri. Mwaka 2023 mgao wetu ulipangwa kwa makundi matatu: wengine wapate zaidi, wengine kidogo, wengine wasipate. Tumeona majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakiacha kusalimiana. Ndiyo maana wengi wanasema: afadhali tugawiwe sawa, hata kama ni kijiko kimoja kimoja.

Sisi hatukubaliani nao. Mama mwenye yai moja na watoto watatu, mmoja akiwa mgonjwa, halikati yai vipande vitatu. Anampa mgonjwa. Wale wawili watanung'unika, lakini hawatamchukia ndugu yao, kwa sababu wanauona ugonjwa wake na wanamwamini mama. Kwa hiyo ubaya hauko katika kuchagua. Uko katika kuchagua gizani, pale mtu anapokatwa na hajui ni kwa nini, wala hana pa kuuliza.

Kanisa la kwanza lilikutana na jambo hili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliwaita watu wote, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wanaoaminika wasimamie mgao.

Basi tunapoomba msaada kwa mkubwa yeyote, tusiombe tu kwamba kila mtu apate. Tuombe orodha isomwe mbele ya watu, sababu zielezwe, aliyesahauliwa asikilizwe, na majina yapitiwe tena, kwa sababu aliye na nguvu leo anaweza kulala mgonjwa kesho.

Na sisi tuna deni letu. Mwenye mikono ya kulima asimwite mwizi bibi kizee aliyewekwa mbele yake. Naye aliyepata asifunge mlango wakati watoto wa jirani wamelala njaa. Serikali inaweza kukosea hesabu ya nyumba zenye shida. Sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta tunazijua moja moja.