Jina Lake Nani?

Somo: Yoshua 4:1-9, 2 Samweli 23:8-39

 

Leo naanza kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kanisa hili alinijia baada ya ibada. Mwanawe alikuwa mwanajeshi, akauawa Somalia. Aliniomba kitu kimoja tu: siku aliyokufa kijana ikifika, tutaje jina lake kanisani. Nikamjibu haraka, "Mama, sisi tumeokoka, hatufanyi matanga kila mwaka. Mwachie Mungu." Akasema, "Sawa, pasta," akachukua Biblia yake akaenda. Hakuniomba tena. Mimi nikadhani nimelinda imani.

Mwaka jana nilienda Nairobi kwa semina, nikapita Kenyatta Avenue. Pale kuna sanamu tatu za shaba. Watu wanazipita wakikimbilia matatu, nami nimezipita mara nyingi. Siku hiyo nikasimama. Mmoja ni askari wa KAR, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Wa pili ni askari Mwarabu. Wa tatu ni mpagazi wa Kariokor, yule aliyebeba mizigo ya jeshi. Zilizinduliwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maandishi ya chini yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Maneno mazuri. Lakini nilizunguka lile jiwe nikitafuta jina la mpagazi hata mmoja, sikuliona. Wapendwa, wapagazi waliokufa kutoka nchi yetu hii walizidi 40,000! Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Mtaa wa Kariokor kule Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam, yamebeba jina la kikosi chao. Majina yao wenyewe hayakuandikwa. Ni mwaka 2021 tu ndipo tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilipokiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa sawa na wengine, ikaomba radhi. Miaka mia moja! Wajane wao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Nikasimama pale nikamkumbuka yule mama. Nikajiambia, pasta, hata wewe umefanya vivyo hivyo.

Sasa fungua Yoshua 4. Israeli wamevuka Yordani. Mungu anaagiza watu kumi na wawili, kila mmoja abebe jiwe begani. Kwa nini? Kwa sababu alijua watoto watauliza maana ya mawe yale, na mzazi lazima awe na jibu. Mungu anajua sisi ni wepisi wa kusahau.

Nenda 2 Samweli 23. Ni orodha ya mashujaa wa Daudi, jina kwa jina. Angalia jina la mwisho: Uria, Mhiti. Haleluya! Huyu ndiye Daudi aliyempanga mahali vita vilipo vikali ili afe, amchukue mkewe. Ingekuwa rahisi kumruka, maana jina lake linamwaibisha mfalme. Neno la Mungu halikumruka.

Mtu atasema, pasta ameanza kuombea wafu. La hasha. Hatuwaombei wafu, wala hatuwaombi wafu, wala hatusujudii sanamu. Wala sisemi kila vita ni vya haki; wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu. Lakini aliyebaki anaishi, na anakaa benchi moja na wewe. Yakobo 1:27 inasema dini safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Utamwangaliaje mjane ikiwa unaogopa kutaja jina la mume wake?

Basi tufanye mambo mawili. Kwanza, wapeleke watoto wako Chetambe, pale Webuye, ambapo babu zetu Babukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Si mbali na Bumula. Wakiuliza, uwe na jibu. Pili, Jumapili ijayo kila aliyepoteza mwanajeshi alete jina kwenye karatasi. Nitayasoma yote madhabahuni, kisha tutapanga nani atatembelea nyumba gani.

Juma lililopita nilienda kwa yule mama. Nikamwomba msamaha, nikamuuliza, "Mama, jina lake nani?" Akalitaja. Kisha akaniambia alivyokuwa akija likizo na sukari na sabuni, alivyopenda kuimba vibaya kwa sauti kubwa. Akacheka. Chai ikapoa mezani. Wakati wa kuondoka akanishika mkono akasema, "Asante, pasta. Tangu tumzike, hakuna aliyeniuliza."

Tuombe. Baba, wewe unawaita nyota zote kwa majina. Tusamehe tuliosahau. Tufundishe kuuliza. Katika jina la Yesu, Amina.