Hayumo Kwenye Daftari

Daftari lenyewe ni la kawaida, lile la jalada gumu ambalo wenye maduka huandikia madeni. Kila ukurasa una safu tatu nilizozipiga kwa rula: jina, kiasi, maelezo. Juu ya ukurasa kuna tarehe na jina la mfiwa. Nilikabidhiwa mwaka niliomaliza chuo, nikiwa nyumbani nasubiri ajira, kwa sababu mbili: mwandiko wangu unasomeka, na sikuwa na shughuli nyingine. Mjumbe wetu alisema, "Mwanangu, wewe umesoma. Tuandikie." Basi nikawa karani wa misiba.

Tunaishi nje kidogo ya Kibaha. Si mjini, si shamba. Ukishuka barabara ya Morogoro unapanda bodaboda, lami inaisha, unapita mikorosho, halafu zinaanza nyumba za matofali ambazo hazijapigwa plasta, mihogo mbele, kuku nyuma, dishi la televisheni juu ya bati. Wenyeji ni Wazaramo. Sisi wengine tumetoka kila mkoa, tukifuata viwanja vya bei nafuu kuliko vya Dar es Salaam. Jirani yako unaweza usijue kabila lake wala kazi yake, lakini utajua kama anashiriki au hashiriki. Hilo ndilo neno zito kuliko yote mtaani kwetu.

Kushiriki ni kufika. Ukisikia msiba, unakwenda. Wanaume hukaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki. Vijana hubeba majembe, sululu na koleo kwenda makaburini. Wanawake hupita nyuma ya nyumba, kwenye mafiga na masufuria makubwa ya kuazima. Na kila mtu, kabla hajaondoka, hupita kwenye meza yangu: mia tano, elfu moja, elfu mbili, elfu kumi kwa mwenye nazo. Naandika. Siku ya tatu nasoma majina na jumla mbele ya wafiwa, halafu namkabidhi mfiwa fedha.

Kulikuwa na jirani mmoja aliyejenga nyumba yenye ukuta na geti jeusi. Alifanya kazi Dar es Salaam. Aliondoka saa kumi alfajiri ili kuwahi foleni, akarudi watoto wamelala. Miaka minne hakufika msibani hata mara moja. Hakuja harusini, hakuja kwenye kikao cha mtaa, hakuja siku tuliyochimba mtaro wa maji ya mvua. Tukimpungia mkono, alijibu kwa honi.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, mama yake mzazi alifariki usiku. Alikuwa amemleta kutoka Tabora mwaka uliotangulia, miguu ya bibi ilipoanza kugoma. Asubuhi na mapema alikwenda mwenyewe kwa mjumbe kutoa taarifa. Saa mbili, wanaume watatu walikuwa wamekaa chini ya mwembe wetu.

"Kijana, hebu lete daftari."

Nikaleta. Tangu ajenge, mtaa ulikuwa umepata misiba kumi na tisa. Nikapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, wao wakinitazama kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Nikafika mwisho, nikafunga.

"Hayumo."

Nakiri kwamba nililisema neno hilo kwa raha. Kwa dakika moja mtaa mzima ulikuwa mkononi mwangu.

"Basi," mmoja akasema, "azike na geti lake." Tukacheka.

Msomaji, usiwaone wale kuwa watu wabaya. Mmoja wao alikuwa amemzika mwanawe mwaka uliopita. Turubai la msiba lilikuwa limeziba njia, na usiku gari la jirani yule lilikuja likapiga honi ili tusogeze viti. Tulisogeza. Baba wa mtoto mwenyewe alisimama akabeba kiti chake. Mtu akikwambia usahau jambo kama hilo, muulize kwanza kama alikuwapo.

Tena walikuwa na hoja. Jamii isiyomdai mtu chochote itaishia kubebwa na wachache. Mwaka 1962, katika andiko lake kuhusu msingi wa ujamaa, Mwalimu Nyerere aliikumbusha ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukarimu wa wazee wetu haukuwa wa kulea wategeaji. Na daftari, kwa jinsi lilivyo, ni mlinzi wa mnyonge. Mama muuza maandazi anayetoa mia tano ana mstari wake, sawa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku yake ikifika hatahitaji kumwomba mtu. Ataletewa, kwa kuwa yumo.

Mama yangu alikuwa anatoka ndani, kanga mbili mwilini, mchele kwenye kikapu. Alikuwa amesikia yote. Hakupaza sauti.

"Aliyekosa hajafa. Aliyekufa hajakosa. Sasa nyie kina baba mnamsusa nani?"

Akapita katikati yetu akaenda zake.

Nilibaki na daftari mapajani. Chuoni nilisoma kidogo maadili, na kilichonijia pale ni muuza duka wa Immanuel Kant. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1785, Kant anamtaja muuza duka ambaye hampunji mteja yeyote, hata mtoto mdogo. Tendo ni jema. Lakini ikiwa anafanya hivyo ili asipoteze wateja, anasema Kant, hajatenda kwa sababu ya wajibu. Amelinda biashara yake. Nikajiuliza: misiba yote kumi na tisa niliyokaa na kalamu, nilikuwa namlilia nani? Au nilikuwa naweka akiba ya turubai langu?

Najua jibu rahisi lililopo. Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Kwa hiyo nipe nikupe si unafiki, ndiyo kamba inayowafunga watu pamoja. Nakubali. Lakini msibani kuna mtu mmoja ambaye kamba hiyo haimfikii. Maiti harudishi. Tunaweza kulipana sisi wenye pumzi, rambirambi kwa rambirambi, sufuria kwa sufuria. Yule anayeoshwa, anayevishwa sanda, anayebebwa mabegani, hatakuja kwako kamwe. Kama kila tendo jema ni mkopo, basi kumzika mtu ni kazi ya hasara.

Nikachukua jembe nikaenda.

Makaburini nilikuta watu watano, na mmoja wao alikuwa jirani mwenyewe. Kwetu mfiwa haachiwi jembe. Anakalishwa, anashikwa bega, wenzake wanachimba. Yeye alikuwa ndani ya shimo, shati la kazini limelowa jasho, viganja vyake havijazoea mpini. Ardhi ya Julai ilikuwa imekaza. Hakuna aliyekuwa amemwambia toka. Nilisimama ukingoni, na ile "Hayumo" yangu ikanirudia mdomoni kama nyongo.

Mzee mmoja anayefundisha madrasa ndiye aliyemtoa. "Toka mwanangu, ukakae na mama yako." Kisha akatugeukia sisi vijana. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika, alisema, ni faradhi ya kifaya. Wakitimiza baadhi, wote wamepona. Wakiacha wote, dhambi ni ya wote. "Sasa nionyesheni mahali ilipoandikwa kwamba uanze kwa kuuliza mwanawe alichangia kiasi gani." Akashuka mwenyewe kwenye shimo, miaka yake sabini na ushee, kuanza kuchonga mwanandani. Tukamzuia kwa aibu, tukachimba.

Kufikia Alasiri watu walikuwa wameongezeka. Yule baba aliyefiwa na mtoto alikuja mwishoni kabisa, akatupia udongo mara tatu, akaondoka bila kumpa mfiwa mkono. Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu leo. Nadhani alifanya kile alichokiweza.

Jambo lililonifunza zaidi nililikuta nyuma ya nyumba, nilipopeleka kuni. Bibi mmoja wa Kizaramo alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, ameshika fimbo yake, anatembea kwa kuchechemea huku akilalamikia baridi ya Tabora na joto la Pwani kwa sauti ya marehemu. Wanawake walikuwa wanacheka na machozi yanawatoka. Ni mtani wake. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara iliyokuwa ikishuka kutoka bara hadi Pwani. Hakuna aliyeuandika, hakuna aliyechangia ili aupate. Bibi yule alikuja kwa sababu marehemu ni Mnyamwezi na yeye ni Mzaramo, basi.

"Wewe ulimjua lini?" nikamuuliza.

"Tangu msiba wa mtoto yule. Si alikaa hapa na sisi akichambua mchele? Macho hayaoni vizuri, anatoa mawe kwa vidole."

Alikuwa ameletwa na mjukuu wake, akipita mlango wa nyuma. Alirudi kwenye msiba mwingine baada ya huo. Wanawake wote walilijua hilo. Daftari halikujua, maana mchele uliochambuliwa hauna safu. Miaka yote ile nilikuwa nimeandika fedha za waliokaa mbele, nikadhani nimeandika mtaa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema: kumbe bibi alikuwamo, kumbe alistahili. Lakini hapo ndipo ninapotaka kujibana. Tuseme hakuchambua hata punje moja. Tuseme alikaa nyuma ya geti jeusi mwaka mzima bila kumsalimia mtu. Je, ningekuwa sahihi kubaki chini ya mwembe? Nikisema ndiyo, basi nimebadilisha daftari tu, nimetoa la fedha nikaweka la mikono, na bado nahesabu. Nadhani daftari lina haki ya kuamua mengi: nani aazimwe masufuria ya harusi, nani achaguliwe kwenye kamati, nani aambiwe waziwazi kikaoni kwamba honi yake iliumiza watu. Hayo ni ya walio hai, na walio hai wanaweza kujibu. Halina haki ya kuamua nani azikwe na watu.

Jirani yetu hakugeuka malaika. Alikuja kwenye misiba mitatu iliyofuata, akachangia, jina lake likaingia. Baadaye akapungua tena. Foleni ni ile ile, na saa kumi alfajiri ni ile ile. Kuna wanaosema tulipoteza nguvu zetu bure. Mimi nasema hatukumchimbia yeye.

Nilijaribu pia kuongeza safu ya nne, ya kazi za mikono. Nikaipeleka jikoni kwa kiburi kidogo. Wanawake walinicheka. "Utaandika mpaka aliyepuliza moto?" Mama akaniambia niende nikakate kuni. Safu ile imebaki tupu.

Daftari bado ninalo. Mwezi uliopita, kabla hakujapambazuka vizuri, mtu aligonga mlango, akasema kuna msiba upande wa chini, kwa wapangaji waliohamia juzijuzi.

"Hebu tazama kama wamo," akasema.

Nikatafuta viatu. "Nani amefariki?" nikamuuliza.